Namna ya kuanzisha bustani ya shule inayofundisha

Shule nyingi za msingi nchini Tanzania zina shamba, na wazazi wengi hulikumbuka shamba la shule yao kwa jembe, jua na, mara nyingine, adhabu. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia kazi ya mikono iwe sehemu ya masomo, lakini mahali pengi iliyobaki ni kazi peke yake. Kwa hiyo walimu wanaotaka bustani iwafundishe watoto kutumia ardhi na maji bila kuvimaliza waanze kwa kukubaliana jambo moja: hakuna mwanafunzi atakayepelekwa bustanini kwa sababu amechelewa au amepiga kelele darasani. Mtoto aliyezoea kuona tuta kama mahali pa kuadhibiwa hatauliza swali lolote akiwa hapo.

Kabla ya kupima ardhi, pimeni maji. Siku ya jua kali, mboga za majani huhitaji takriban milimita 5 za maji, na milimita 1 ya maji katika eneo la mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 litahitaji basi lita 20, yaani ndoo moja kubwa, kila siku isiyo na mvua. Waachieni wanafunzi wa darasa la tano au la sita wapige hesabu hiyo wenyewe, kisha waulizeni shule inaweza kutoa ndoo ngapi kwa siku bila kuwapunguzia wapishi na vyoo. Jibu likiwa ndoo tatu, bustani iwe na matuta matatu. Ni bustani ndogo, na haitalisha shule yenye mamia ya wanafunzi, lakini ni afadhali matuta matatu mabichi mwaka mzima kuliko nusu ekari iliyokauka mwezi Februari. Upana wa tuta usizidi mita 1, ili mtoto afike katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Shule ya mjini isiyo na ardhi itumie magunia yaliyojazwa udongo na samadi, yenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, na matundu ubavuni ya kupandia sukuma wiki au matembele.

Kipimo cha mvua hutengenezwa kwa chupa ya plastiki iliyonyooka ubavu: kateni sehemu ya juu, igeuzeni iwe faneli, tieni kokoto chini kwa sababu kitako cha chupa si bapa, kisha mimineni maji hadi alama ya sifuri ya rula iliyobandikwa ubavuni. Mvua ikinyesha milimita 10, wanafunzi watagundua kwamba paa la bati lenye mita 100 za mraba limepokea lita 1,000, na pengine ndipo mazungumzo kuhusu mfereji wa bati na tangi yatakapoanza na watoto wenyewe.

Somo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, liko katika takataka. Kila asubuhi wanafunzi hufagia uwanja, na katika shule nyingi majani hayo hukusanywa na kuchomwa moto, kisha shule hiyo hiyo inanunua mbolea. Acheni kuchoma, tengenezeni mboji, yaani mbolea ya takataka zilizooza. Chagueni mahali penye kivuli, tandazeni vijiti chini ili hewa ipite, kisha pangeni tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi na maganda kutoka jikoni, samadi kidogo, udongo kidogo, na maji ya kulowesha bila kutiririka. Rudieni mpangilio huo mpaka lundo lifikie mita 1 kwenda juu na mita 1 kila upande, kwa kuwa lundo dogo halipati joto la kutosha. Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache mwanafunzi akichomoe na kukishika: kikiwa cha moto chenye unyevu, vijidudu viko kazini, kikiwa kikavu chenye ukungu mweupe, lundo lina kiu. Geuzeni lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi. Pembeni, fukieni jani, ganda la ndizi, kipande cha kitambaa cha pamba na kipande cha plastiki, mfukue baada ya miezi miwili. Watoto watakaokiona kile kipande cha plastiki hawatahitaji kuelezwa sana kwa nini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Matuta nayo yawe ya majaribio. Tuta moja liwekwe matandazo ya nyasi kavu, la pili liachwe wazi, yote mawili yamwagiliwe maji sawa. Kila asubuhi mwanafunzi achomeke kidole udongoni na kuandika alichokuta. Tuta la tatu lipandwe kunde. Zikianza kutoa maua, ng'oeni mche mmoja polepole, oneni vinundu kwenye mizizi, kisha pasueni kimoja: wekundu wa ndani ni dalili kwamba bakteria wanaendelea kunasa naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kutoka hewani.

Kalenda ya masomo ndiyo iamue mazao. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa, hivyo unamfaa mtoto mdogo asiye na subira. Nyanya huchukua miezi kadhaa, na zikiiva wakati wa likizo ya Juni zitaliwa na ndege. Kwa likizo ya Desemba, acheni matuta yakiwa yamefunikwa na kunde au matembele. Wadudu wakiingia, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, kulowekwa usiku kucha na kuchujwa hutosha mara nyingi, na anayenyunyiza awe mwalimu. Dawa za dukani zisiingie kabisa katika bustani ya watoto.

Amueni mapema mavuno yatakwenda wapi, na uamuzi huo uandikwe ukutani, kwa maana mboga zikiishia nyumbani kwa walimu watoto wataona. Pimeni kila mavuno kwa mizani kabla ya kuyapeleka jikoni. Michicha michache yenye afya iachwe izae mbegu, zikaushwe kivulini na kuhifadhiwa ndani ya chupa kavu yenye kizibo pamoja na jina na tarehe. Mbegu za chotara, yaani zilizotokana na kuchanganya aina mbili, zisitunzwe kwa njia hii, kwa sababu kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza.