Kubebesha waridi kwa jicho, hatua kwa hatua

Waridi lenye maua ya kuvutia si lazima liwe na mizizi imara. Ndiyo maana tunalibebesha, yaani kuliunganisha, juu ya waridi pori, kwa mfano *Rosa multiflora* au *Rosa canina*. Napendelea njia ya jicho (kichipukizi kidogo kati ya jani na tawi) kuliko ya kijiti (kipande cha tawi), kwa sababu tawi moja hutoa macho kadhaa, na jicho lisiposhika, shina la waridi pori bado ni zima. Ila waridi hushika kwa waridi tu, usilipeleke kwa hibiskasi.

1. Andaa shina. Liwe nene kama penseli na linakua kwa nguvu. Mwagilia vizuri siku moja au mbili kabla, ili gome libanduke kwa urahisi. Likikataa kubanduka, ahirisha.

2. Chagua tawi la macho. Chukua lililomaliza kuchanua sasa hivi. Sukuma mwiba kwa kidole gumba: ukichomoka kirahisi, tawi limekomaa. Ondoa majani ila ubakize kikonyo cha kila jani, kama sentimita 1, kiwe mpini. Funga tawi kwa kitambaa kibichi.

3. Kata na upachike. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Chini ya gome kuna utando mwembamba wa kijani wenye utelezi. Utando wa jicho na wa shina ndio unaoungana, na ukikauka, hakuna muungano. Kwa hiyo andaa makao kwanza, jicho baadaye.

Futa kisu kikali kwa spiriti. Karibu na ardhi, chora herufi T kwenye gome la shina: mkato wa kusimama sentimita 2.5, wa kulala sentimita 1. Usizame kwenye mti wenyewe. Inua kingo taratibu kwa ncha ya kisu.

Sasa kata jicho: anza sentimita 1.5 chini yake, pitisha kisu kwa mkupuo mmoja, utokee juu yake. Unapata kipande chenye umbo la ngao. Ukiona kibanzi cha mti nyuma, kibandue bila kung'oa kiini cha jicho. Usiguse upande wa ndani. Hata jasho la kidole huharibu. Shika kikonyo, teremsha ngao ndani ya T, jicho likitazama juu, kisha kata kinachozidi juu ya mkato wa kulala.

4. Funga. Tumia utepe laini wa plastiki, ukaze chini na juu, jicho libaki wazi.

5. Kagua baada ya wiki 2 hadi 3. Gusa kikonyo. Kikidondoka chenyewe na jicho ni bichi, limeshika. Kikinyauka na kung'ang'ania, jicho limekufa. Rudia upande wa pili wa shina.

Jicho likianza kuchipua, fungua utepe na ukate shina pori sentimita 1 hadi 2 juu ya jicho. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe kwa mkono tangu yakiwa machanga, kwani ukiyakata kwa mkasi huchipua tena.