Foklifti ya betri haiendi? Kontrola iache kwanza

Wakuu, foklifti ya umeme ikigoma kila mtu anasema kontrola (kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mota) imekufa, na kontrola ndo bei mbaya humo ndani ukitoa betri lenyewe. Anza na vya bure.

Vua pete na saa. Volti 48 haikurushi kama umeme wa nyumbani ila spana ikilala kwenye terminali mbili utaona chuma kinavyoyeyuka. Piga jeki tairi zinazozungushwa na mota zielee, weka magogo chini, maana ikikubali ghafla inaondoka na wewe.

Betri ya asidi ya volti 48 ina seli 24, ikijaa na kutulia mita inasoma kama 51. Ila kupima mashine ikiwa imelala ni kujidanganya, dereva anyanyue uma hadi mwisho ashikilie sekunde chache huku unaangalia mita. Ikiporomoka sana pima seli moja moja, wenzake wana 2 yeye ana 1.4, mgonjwa huyo hapo. Mzigo huohuo ukiwepo weka mita huku na huku ya plagi ya betri kwenye waya uleule, inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma hata volti moja nzima, iguse, utaikuta ya moto.

Betri safi? Washa funguo usikilize kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku inayopitisha umeme wa betri. Isipolia "tak" pima koili yake: umeme upo na hailii, koili imekufa; haupo, rudi nyuma kwenye fyuzi, funguo, swichi ya handbreki na ya siti. Hii ya siti ilinila nusu siku, mashine inaenda kwa dereva mmoja kwa mwingine inagoma, kumbe yule wa pili mwembamba na sponji imechoka, swichi haibonyei. Ikilia "tak" na haiendi, pima kati ya vichwa vya kontakta, ukikuta volti za betri zote vimeungua.

Kingine, bodi ya foklifti sio negativu kama gari. Chomoa plagi, pima pozitivu ya betri hadi kasha lake la chuma, haitakiwi kusoma kitu. Volti za maana zikisoma, umeme unavuja kupitia asidi iliyomwagika juu, funga vifuniko vyote uoshe na maji ya magadi. Zikisoma plagi ikiwa imechomekwa tu, fungua mota kama ni ya brashi, huenda vumbi la kaboni limejaa.

Vyote vikiwa fiti ndo ufungue kontrola, plagi ikiwa nje, na kapasita zake uzimalize umeme kwa balbu kwanza, zinabaki na chaji hata betri ikitolewa.