Salfa na seleni kwenye kitunguu swaumu: ukali unaanzia shambani

Mnunuzi wa kitunguu swaumu siku hizi hatafuti kiungo cha mchuzi peke yake, anatafuta na dawa. Sokoni utasikia kinashusha presha, kinasafisha damu, kinazuia saratani. Mkulima wa Mbulu au Lushoto anayeuza kwa sifa hizo anapaswa kujua kilichomo ndani ya punje kinatoka wapi, kwa sababu sehemu kubwa inategemea mbolea aliyoweka na jinsi alivyokausha.

Ukali na harufu ni kazi ya salfa. Mizizi huivuta ardhini ikiwa salfati, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, kisha mmea huijenga kuwa aliini, kemikali yenye salfa, ndani ya punje. Punje ikiwa nzima haina harufu kubwa. Ukiiponda, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinakutana na aliini na papo hapo inazaliwa alisini, ile inayowasha pua. Alisini na jamaa zake ndizo zinazohesabiwa kuwa antioksidanti, yaani husaidia kuzuia seli za mwili zisiharibiwe na kemikali kali zinazozalishwa mwilini kila siku. Kule Georgia, Marekani, vitunguu vya Vidalia vina sifa ya utamu na kutowasha macho, na sababu kubwa ni kwamba udongo wa huko una salfa kidogo. Swaumu ikikosa salfa nayo inapoa, na hakuna anayenunua swaumu iliyopoa.

Mashamba mengi yanaishiwa salfa polepole bila mwenyewe kujua. Tunapandia mbolea ya DAP, tunakuzia Urea, na zote mbili hazina salfa. Ingia shambani asubuhi uangalie majani. Njano ikianzia kwenye majani machanga ya katikati, shuku salfa. Ikianzia kwenye majani makuukuu ya chini, hiyo ni naitrojeni. Nimeona wakulima wengi wakiongeza Urea mahali palipohitaji salfa. Shamba linanenepa majani na vichwa vinabaki vidogo.

Suluhisho la karibu ni SA, yaani mbolea ya salfati ya amonia. Mfuko wa kilo 50 una kilo 12 za salfa na kilo 10 na nusu za naitrojeni. Anza na mfuko mmoja kwa ekari, mimea ikiwa na wiki tatu hadi nne, udongo ukiwa na unyevu, na upunguze Urea kwa kiasi hicho cha naitrojeni. Usiichanganye na majivu wala chokaa, maana naitrojeni yake itapaa hewani. Vichwa vikianza kuvimba, acha kabisa mbolea za naitrojeni. SA ina kasoro moja: ukiirudia kila msimu udongo unakuwa na tindikali. Kwenye udongo ambao tayari una tindikali ni bora jasi, kama ile inayochimbwa Makanya wilayani Same. Jasi safi ina salfa karibu asilimia 18 na haiongezi tindikali. Salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga si ya kukuzia. Lazima kwanza vijidudu vya udongo viibadilishe, na nayo huleta tindikali.

Hapa ndipo madini ya seleni yanapoingia. Kikemikali ni ndugu wa salfa, na mmea huiingiza kupitia mlango uleule wa mizizi. Ukijaza salfati kupita kiasi, seleni inabaki nje. Udongo wenye tindikali na madini mengi ya chuma nao huishikilia. Kwa hiyo kupima udongo kabla ya kununua mbolea si anasa. Kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) wanafanya kazi hiyo, na afisa ugani wako atakuonyesha namna ya kuchukua sampuli.

Mwili unahitaji seleni kidogo mno, mikrogramu 55 kwa siku kwa mtu mzima, ili kutengeneza vimeng'enya vinavyolinda seli. Finland, ambayo udongo wake una upungufu, iliamua mwaka 1984 iongezwe kwenye mbolea za kiwandani, kwa vipimo vya miligramu kwa kila kilo ya mbolea. Hiyo ni kazi ya kiwanda na maabara. Usijaribu kununua chumvi ya seleni ukanyunyiza mwenyewe: ikizidi ni sumu, inanyonyoa nywele na kuharibu kucha, na inaua mifugo.

Kuhusu saratani, niseme wazi kwa sababu kuna wagonjwa wanaoacha hospitali kwa ajili ya maneno ya sokoni. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliwalisha panya kitunguu swaumu kilichooteshwa kwa seleni nyingi, na uvimbe wa matiti ukapungua. Lakini utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2001 kwa wanaume zaidi ya 35,000, ambapo baadhi yao walimeza mikrogramu 200 za seleni kila siku, ulisitishwa mwaka 2008 baada ya kuonekana kwamba seleni haikuzuia saratani ya tezi dume. Uza swaumu kama chakula bora. Usiiuze kama tiba ya saratani.

Kazi nzuri ya mbolea inaweza kupotea wakati wa kuvuna. Kata maji wiki mbili hadi tatu kabla. Ng'oa karibu nusu ya majani yakiwa yamekauka. Usikate majani siku hiyo. Funga mafungu, ning'iniza kivulini penye upepo wiki mbili au tatu, hadi shingo ikauke na ukiibonyeza isitoe maji. Jua kali la moja kwa moja huunguza punje.

Na mteja akikuuliza namna ya kutumia, mwambie aponde kwanza, aache dakika kumi ndipo aweke kwenye sufuria. Moto ukiiwahi punje nzima unaua kile kimeng'enya kabla alisini haijatengenezwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kula swaumu nyingi.