Kuchota data kwenye ripo ya Git bila kumaliza bando

Watu wakitaka kujua nani amefanya nini kwenye ripo (ghala la kodi lenye historia ya mabadiliko yake, linalosimamiwa na programu iitwayo Git) wanafungua brauza wanaanza kuhesabu kwa macho, kumbe git yenyewe inayo yote, we iulize tu vizuri.

Tuchukue openmrs-core, ripo ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, maana UgandaEMR ya kwenye vituo vya afya huku kwetu Uganda imejengwa juu yake. Usishushe yote, bando halina huruma. Piga hivi:

git clone --bare --filter=blob:none https://github.com/openmrs/openmrs-core.git

Hapo unapata historia na majina ya mafaili, yaliyomo ndani yanabaki kwa seva. Ingia kwenye folda (cd openmrs-core.git) halafu:

git shortlog -sn HEAD

Inakupa kila mtu na idadi ya komiti zake (komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye historia, sio kamati, tusichanganyane). Hiyo HEAD (komiti ya mwisho ya tawi ulilopo) usiiache, kwenye skripti bila HEAD inasahau historia inasubiri data ya kuingizwa, utapata patupu ama itakaa kimya udhani mashine imeganda.

Za kupeleka Excel:

git log --since=2024-01-01 --date=short --pretty=format:'%h%x09%ad%x09%an%x09%s' > komiti.tsv

%x09 ni tabu. Mi nilianza na koma nikajuta, watu wanajaza koma kwenye ujumbe wa komiti, safu zote zikahama.

Sasa hapa ndo kuna mtego. Ukitaka mistari iliyoongezwa na kufutwa kuna --numstat, ila hiyo inahitaji yaliyomo, na sisi hatukuyashusha, kwa hiyo git inarudi mtandaoni kimyakimya kuyafuata. Nilijaribu Wandegeya, Kampala, nikisubiri rolex (chapati ya mayai), yai halijageuzwa MB zimekwisha.

Kama shida yako ni kujua faili gani linaguswa sana, hii inatosha:

git log --no-renames --name-only --pretty=format: | grep . | sort | uniq -c | sort -rn | head

--no-renames usiitoe, bila hiyo git inaweza kuanza kulinganisha mafaili kujua lipi limebadilishwa jina, na kulinganisha ni kushusha tena. Hiyo grep nayo inafyeka mistari mitupu, la sivyo mstari mtupu ndo unaongoza orodha.

Numstat iache mpaka upate waifai ya mtu.