Shamba la kinamasi: pima maji kabla ya kuchimba mtaro

Unalima jirani na kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, au bonde lolote lenye udongo mweusi mwepesi wa mimea iliyorundikana majini? Usichimbe mtaro wa kina. Udongo huo ukipata hewa huoza na shamba hudidimia. Ukikauka kabisa, hukataa hata kunyonya mvua. Toboa matundu kwenye paipu ya plastiki ya mita 1, ifukie wima, upime maji kwa kijiti kila wiki. Yakishuka zaidi ya sentimita 30 chini ya uso wa ardhi, ziba mtaro wowote uliopo kwa magunia ya udongo wa mfinyanzi (ya mchanga huvuja). Sukuma wiki inataka tuta lililoinuliwa; nduma, hapana. Na usichome magugu hapo: moto huzama ardhini ukafukuta siku nyingi.