Jinsi ya Kumtambua Mlibertari katika Siasa za Marekani

Msomaji anayefuatilia siasa za Marekani huzoea upesi kambi mbili: wahafidhina, ambao wengi wao wamo katika chama cha Republican, na waliberali, ambao makao yao ni chama cha Democratic. Kisha hujitokeza mtu kama Seneta Rand Paul wa Kentucky, anayepinga matumizi ya serikali kwa ukali kuliko Warepublican wenzake, lakini anapinga pia vita vya ng'ambo na ufuatiliaji wa simu za raia kwa hoja ambazo Wademokrat wengi wangezikubali, na msomaji akabaki hajui amweke wapi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumsoma mwanasiasa mwenye mwelekeo huo, yaani wa kilibertari, bila kumsukumia katika kambi isiyo yake.

Anza kwa kuuacha mstari wa kushoto na kulia. David Nolan, mmoja wa waasisi wa chama cha Libertarian, alichora mchoro wenye vipimo viwili badala ya kimoja: uhuru wa mtu katika uchumi, na uhuru wake katika maisha binafsi. Mliberali wa Kimarekani, tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt katika miaka ya 1930, huona ni haki serikali kuu iingilie uchumi kwa pensheni ya wazee iliyoanzishwa mwaka 1935, bima ya afya ya wazee ya mwaka 1965, kima cha chini cha mshahara na kanuni za kuwabana waajiri, lakini hataki serikali hiyo hiyo iamue mtu aabudu nini au aoane na nani. Mhafidhina wa kawaida anataka kodi ndogo na soko lisilobanwa, ila anaitaka serikali ilinde maadili ya jadi, mipaka ya nchi na nguvu ya jeshi. Mlibertari anadai uhuru mpana katika vipimo vyote viwili.

Hata hivyo si sahihi kumweleza kama mtu aliyeokota nusu huku na nusu kule. Yeye anajiona ana kanuni moja tu: kila mtu anaimiliki nafsi yake na mali aliyoipata kwa halali, na nguvu ya dola inaruhusiwa kumzuia mtu asimdhuru, asimwibie wala asimlaghai mwenzake, basi. Kwa hiyo swali la kuwa nalo kila unaposoma habari ni hili: katika jambo hili, nani analazimishwa na nani, na kwa kosa gani alilomtendea mwingine? Mliberali huuliza kwanza ni nani ananyimwa fursa. Mhafidhina huuliza kwanza ni nini kinabomolewa katika mila na utaratibu. Mlibertari huuliza kuhusu kulazimishwa, na mara nyingi jibu la swali hilo linamtosha.

Pima kwa kesi, si kwa kaulimbiu

Neno uhuru linatamkwa na kila mwanasiasa wa Marekani, hivyo halimtofautishi mtu na mwingine. Kinachotofautisha ni kesi mahususi, na sijui mfano ulio wazi kuliko hukumu mbili ambazo Mahakama ya Juu ya Marekani ilizitoa katika mwezi mmoja wa Juni mwaka 2005. Ya kwanza ilihusu wagonjwa wa California waliotumia bangi kama dawa, jambo ambalo sheria ya jimbo lao iliruhusu lakini sheria ya serikali kuu ilikataza. Mahakama iliipa serikali kuu ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Ya pili ilihusu Susette Kelo, mwenye nyumba katika mji wa New London, jimbo la Connecticut, ambaye mji huo ulitaka kuitwaa nyumba yake pamoja na za majirani zake ili kupisha mradi wa maendeleo ambao ardhi yake ingekabidhiwa wawekezaji binafsi. Hapo pia serikali ilishinda, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Tazama jinsi majaji walivyojipanga. Majaji wanne wa kiliberali waliunga mkono serikali katika kesi zote mbili. Jaji Antonin Scalia, mhafidhina mashuhuri, aliikubalia serikali katika suala la bangi, kisha akasimama na wenye nyumba katika suala la ardhi. Mlibertari aliyesoma habari hizo alitaka serikali ishindwe mara zote mbili, kwa sababu kwake mwili wa mgonjwa na nyumba ya Kelo vinalindwa na haki ile ile. Mawakili wa Kelo walitoka katika taasisi ya kisheria ya kilibertari, Institute for Justice. Inauma kuongeza kwamba mradi uliosababisha nyumba hizo ziondolewe haukujengwa, na kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka mingi.

Kuna mtego hapa unaohitaji uangalifu. Majaji watatu, O'Connor, Rehnquist na Thomas, walipinga serikali katika kesi zote mbili, na msomaji mwenye haraka angewaita walibertari. Katika suala la bangi hoja yao ilikuwa mipaka ya madaraka ya serikali kuu juu ya majimbo. O'Connor aliandika waziwazi kwamba kama angekuwa mkazi wa California asingeipigia kura sheria hiyo. Mhafidhina anaposema jambo liachiwe majimbo, anahamisha tu mamlaka ya kulazimisha kutoka Washington hadi mji mkuu wa jimbo. Mlibertari ataendelea kuuliza kwa nini jimbo nalo liwe na mamlaka hayo. Ukitaka kumjua mwanasiasa, angalia anachosema baada ya jambo kurudishwa jimboni.

Vita na usalama

Mahali ambapo mlibertari hutengana na mhafidhina kwa uwazi zaidi ni vita na upelelezi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Bunge lilipitisha Sheria ya Patriot iliyopanua uwezo wa vyombo vya usalama kufuatilia watu. Ron Paul wa Texas, baba yake Rand, alikuwa miongoni mwa Warepublican watatu tu katika Baraza la Wawakilishi walioipinga. Mwaka uliofuata alipiga kura ya kukataa vita vya Iraki, wakati karibu wenzake wote wa chama waliviunga mkono. Mwaka 2013, baada ya Edward Snowden, aliyefanya kazi katika vyombo vya upelelezi vya Marekani, kufichua ukusanyaji wa kumbukumbu za simu za Wamarekani, mbunge Justin Amash, Mrepublican wa Michigan, alishirikiana na John Conyers, Mdemokrat wa jimbo hilo hilo, kupeleka pendekezo la kuusitisha. Lilishindwa kwa kura 217 dhidi ya 205, na waliolikubali walikuwa Wademokrat 111 na Warepublican 94. Viongozi wa vyama vyote viwili katika Baraza walilipinga. Kura kama hizo, zinazowapasua wabunge ndani ya vyama vyao wenyewe, ndizo za kuzitafuta, kwa kuwa zinamfunua mtu kuliko hotuba yoyote.

Mahali ambapo waliberali humkataa

Kwa mliberali, mlibertari anaudhi katika silaha, bima ya afya, kodi na elimu, na tofauti hizo ni rahisi kuziona. Tofauti nzito zaidi ni kuhusu Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Seneta Barry Goldwater wa Arizona aliipinga, akidai kwamba vifungu viwili, cha kukataza ubaguzi katika hoteli na migahawa na cha kuukataza katika ajira, vilizidi mamlaka ya serikali kuu. Hoja ya kwamba mwenye mgahawa, hata awe mbaguzi, ana haki ya kuchagua wateja imerudiwa na baadhi ya walibertari tangu hapo, na mwaka 2010 Rand Paul alijikuta matatani kwa kuitilia shaka sehemu hiyo ya sheria, kabla ya kusema kwamba angeipigia kura ya ndiyo.

Naamini hapa ndipo kanuni yao inapopungukiwa. Ubaguzi wa majimbo ya Kusini haukuwa chaguo la mwenye mgahawa peke yake. Katika maeneo mengi sheria za jimbo na za miji zilimwamuru atenganishe wateja, polisi waliwakamata waliokaidi, na nyuma ya yote kulikuwa na vitisho vya magenge ambayo mahakama hazikuyaadhibu. Anayepima kulazimishwa kwa kutazama mlango wa mgahawa tu hajautazama ulazimishaji wote uliokuwapo. Wapo walibertari wanaokiri jambo hili na kuikubali sheria hiyo kwa sababu hiyo hiyo, na mwongozo wa haki hauna budi kuwataja.

Usichanganye fikra na chama

Chama cha Libertarian kiliundwa Colorado mwaka 1971, miezi michache baada ya Rais Richard Nixon, Mrepublican, kuzuia kwa amri bei na mishahara visipande nchi nzima. Mwaka uliofuata mgombea mwenza wa chama hicho, Tonie Nathan, akawa mwanamke wa kwanza kupata kura ya mjumbe wa uchaguzi wa rais, yaani mmoja wa wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais rasmi, kwa kuwa mjumbe mmoja wa Virginia alikataa kumpa Nixon kura yake. Mafanikio makubwa ya chama katika kura za wananchi ni ya mwaka 2016, Gary Johnson alipopata kura milioni 4.5 hivi, sawa na asilimia 3.3. Kwa kuwa karibu kila jimbo humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote, kura hizo hazikuleta mjumbe hata mmoja. Msemaji wa Kiswahili aliyepata uraia huko na kulikuta jina la tatu kwenye karatasi ya kura anapaswa kujua kwamba walibertari wengi hawamo katika chama hicho. Wamo ndani ya Republican, kama Rand Paul na mbunge Thomas Massie, au hawana chama kabisa.

Kinyume chake, wapo wanaojiita wapenda uhuru wa soko ambao mtihani wa ushuru wa forodha huwaangusha. Rais Donald Trump alipoweka ushuru mkubwa kwa bidhaa za nchi nyingi mwaka 2025 kwa kutumia sheria ya dharura, taasisi ya kilibertari ya Liberty Justice Center ilimshtaki katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani kwa niaba ya wafanyabiashara wadogo, na majimbo 12 yakiongozwa na Oregon yakafungua kesi yao katika mahakama hiyo hiyo. Wahafidhina wengi waliokuwa wakisifu soko huria walinyamaza.

Mahali ambapo swali lenyewe halitoshi

Kuna masuala mawili ambapo kujua kwamba mtu ni mlibertari hakukuambii atasema nini. La kwanza ni utoaji mimba, kwa sababu swali la nani analazimishwa linategemea kama mimba inahesabiwa kuwa mtu mwenye haki. Ron Paul, daktari wa uzazi aliyegombea urais kwa tiketi ya chama cha Libertarian mwaka 1988, anapinga utoaji mimba; Gary Johnson, aliyegombea mwaka 2012 na 2016, aliutaka uamuzi uwe wa mwanamke. Mwaka 2022, katika mkutano mkuu uliofanyika Reno, chama kilikifuta kabisa kifungu cha ilani yake kilichoitaka serikali isiingilie. La pili ni uhamiaji. Watafiti wa taasisi ya Cato ya Washington hutetea milango iliyo wazi zaidi, kwa hoja kwamba mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana hakuna aliyedhulumiwa, huku wengine wakishikilia kwamba maadamu serikali inagharimia huduma kwa kodi, walipa kodi wana haki ya kuamua nani aingie. Katika masuala haya soma rekodi ya kura za mwanasiasa mwenyewe, mmoja mmoja.