Umepewa namba tu, utajuaje ni elementi gani?

Wadogo zangu mnaoanza kemia, tukae kidogo hapa kwenye namba atomia, ile darasani mnaiita atomiki namba, maana naona wengi mnaikariri vizuri tu alafu swali likigeuzwa kidogo mnapotea na inaniuma kwa sababu ni maksi za bure kabisa.

Namba atomia ni idadi ya protoni kwenye kiini cha atomu. Protoni zikiwa 6 hiyo ni kaboni, zikiwa 7 ni nitrojeni, hakuna mjadala.

Kwa hiyo ukisoma swali tafuta protoni kwanza, usikimbilie elektroni, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Unaambiwa chembe ina protoni 11 na elektroni 10, mtu anaona ile 10 anaandika neoni. Hapana, hiyo ni sodiamu iliyopoteza elektroni moja ikawa ayoni, yaani chembe yenye chaji, ila protoni zake ni 11 zilezile. Nyutroni nazo hazibadilishi jina, kaboni-12 na kaboni-14 zote ni kaboni, moja ina nyutroni 6 nyingine 8, basi. Na ukipewa namba ya masi, yaani jumla ya protoni na nyutroni, pamoja na idadi ya nyutroni we toa tu: masi 23, nyutroni 12, inabaki 11, sodiamu hiyohiyo.

Kwenye jedwali la elementi kila kiboksi kina namba mbili, namba atomia na uzito wa atomu, na kila mchapishaji anapanga anavyojua yeye, huyu juu huyu chini, kwa hiyo usiangalie namba imekaa wapi, angalia ipi haina desimali. Klorini ina 17 na 35.5, basi 17 ndo yenyewe. Zote zikiwa hazina desimali chukua ndogo.

Kuanzia 1 mpaka 20 kariri tu, utazitumia kila siku. Huko mbele shika namba sita za gesi bwete, zile za safu ya mwisho ya jedwali ambazo ni nadra kuungana na elementi nyingine: 2, 10, 18, 36, 54, 86. Ukipewa 35 unaona imepungua moja kufika 36, kwa hiyo iko familia moja na klorini, ni bromini. 37 imezidi moja, hiyo ni ndugu yake sodiamu, inaitwa rubidiamu. 53 je? Moja kabla ya 54, ayodini. Hii inafanya kazi vizuri pembeni mwa jedwali, ila katikati kule kwenye chuma 26, shaba 29 na dhahabu 79 itabidi uzijue zenyewe, na alama zake Fe, Cu, Au zimetoka Kilatini ndo maana hazifanani na majina.

Kuna mtu atauliza kwa nini tusipange kwa uzito. Angalia agoni, 39.95, na potasiamu, 39.10. Ukifuata uzito potasiamu inatangulia, inaangukia kwenye safu ya gesi bwete wakati ni metali inayolipuka ukiitia kwenye maji! Aliyeonyesha kwa vipimo kwamba namba ndo msingi ni Mwingereza Henry Moseley mwaka 1913, alitumia eksirei, akauawa vitani Gallipoli, Uturuki, 1915 akiwa na miaka 27 tu. Nikifundisha hii mada lazima nimtaje.

Haya jaribu hii: protoni 17, elektroni 18, nyutroni 20. Andika jina, chaji na namba ya masi, usiangalie jedwali.